Thurmond alihama, wenzake wakabaki

Kila ikitajwa siasa ya Kusini mwa Marekani, lazima atokee mtu adai kwamba mwaka 1964 wabaguzi wote wa Democratic walifunga virago wakaenda Republican. Si kweli, na inachosha kulisahihisha. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka huo, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi, ilipita Seneti kwa kura 73 dhidi ya 27. Maseneta 21 wa Democratic waliikataa. Kati ya hao, aliyehamia Republican ni mmoja tu: Strom Thurmond wa South Carolina, Septemba 16.

Wengine walishikwa na kamati. Seneta wa Marekani akihama chama hapotezi kiti, tofauti na mbunge wa Kenya au Tanzania. Anachohatarisha ni ukongwe wake, na enzi zile uenyekiti wa kamati ulikwenda kwa mkongwe wa chama chenye wingi, yaani Democratic. James Eastland wa Mississippi aliongoza Kamati ya Sheria tangu 1956 hadi alipostaafu 1978, na miswada mingi ya haki za weusi ilifia mezani kwake. Aache rungu hilo aende kukaa upande wa wachache? Thurmond hakuwa na kamati ya kupoteza.

Na uzito wa jina la chama aliujua vizuri. Mwaka 1948, akiwa gavana, aligombea urais kwa chama kilichojitenga na Democratic, Dixiecrat, baada ya Rais Truman, Mdemocratic, kuanza kutetea haki za weusi. Alishinda South Carolina, Mississippi, Alabama na Louisiana. Vitabu vinayataja majimbo hayo na kupita, ilhali jibu la kwa nini alishinda huko limo kwenye karatasi za kura: katika yote manne alisimama kama mgombea wa Democratic wa jimbo, na Alabama jina la Truman halikuwamo kabisa. Georgia, ambako Truman alibaki na nafasi ya chama, Thurmond alishindwa, ingawa ubaguzi wa huko haukuwa mdogo.

Hotuba yake ya 1957 ya kupinga mswada wa haki za kiraia, saa 24 na dakika 18, haikuzuia kitu, mswada ulipita.

Waliohama kweli ni wapiga kura, tena polepole: Republican walipata zaidi ya nusu ya viti vya Kusini katika Baraza la Wawakilishi mwaka 1994.

Linalonisumbua ni 1971, Thurmond alipomwajiri Thomas Moss, mtu mweusi, ofisini kwake. Mwaka 1982 akaunga mkono kuongezwa muda kwa Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, ile ile aliyoipinga 1965. Alitubu? Sheria hiyo ilikuwa imejaza weusi kwenye daftari la wapiga kura, na 1970 mshirika wake Albert Watson aligombea ugavana kwa kuchochea chuki ya rangi, akabwagwa na John West. Kwangu hesabu ya kura inaeleza mengi, lakini moyo wake siuoni humo. Miaka yote aliyotetea utengano alikuwa akimpa fedha kwa siri binti yake, Essie Mae Washington-Williams, aliyezaliwa 1925 na Carrie Butler, msichana mweusi aliyefanya kazi nyumbani kwao. Thurmond alifariki Juni 2003 bila kumtambua hadharani. Familia ilikiri Desemba mwaka huo, baada ya binti mwenyewe kusema.