Kupigwa ngumi ya kichwa: wanayopaswa kujua walimu wa klabu na wazazi wa Lubumbashi

Malalamiko ya wazazi wa mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Ruashi yanazidi kufika mezani petu, sisi tunaopima afya ya wachezaji, na karibu yote yanafanana. Kijana ameanguka mazoezini, akamwagiwa maji kichwani, akarudishwa ringini jioni ile ile. Mwalimu akiulizwa anajibu: hapa ni nidhamu ya kijeshi.

Nimewahi kutibu askari. Askari aliyezimia kwa pigo la kichwa hupelekwa kwa daktari. Hakuna kamanda mwenye akili anayemrudishia bunduki.

Wengine hutuletea mashujaa wa kasala, zile tenzi za sifa za Waluba, wakisema shujaa harudi nyuma. Haya, tumtaje Kalala Ilunga. Mfalme Nkongolo alimwalika kucheza ngoma juu ya mkeka uliofunika shimo lenye mikuki. Mpiga ngoma alimwonya kwa mlio wa ngoma, naye akauchoma mkeka kwa mkuki wake, akaona shimo, akakimbia. Alikimbia! Kisha akarudi na jeshi, akatwaa ufalme. Sijasikia Muluba akimwita mwoga.

Sasa utaratibu. Mchezaji aliyepigwa kichwani akachanganyikiwa, akaona kizunguzungu au akasahau raundi, hata kama hakuzimia, anatoka na harudi siku hiyo. Hapumziki kona dakika tano, anatoka. Akitapika, akipata degedege, kichwa kikizidi kumuuma, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine au akiwa mgumu kuamka, apelekwe hospitali mara moja, iwe usiku au mchana. Asipokuwa na dalili hizo, apumzike siku moja au mbili, kisha aanze kutembea, kukimbia kidogo, kupiga mfuko. Kila hatua ichukue angalau saa 24, na dalili zikirudi anashuka hatua moja. Kupigana na mwenzake huja mwisho kabisa, kwa ruhusa ya daktari. Watoto huenda polepole zaidi. Pigo la pili kabla ubongo haujapona linaweza kuuvimbisha na kuua.

Kuhusu adhabu, maana hapa ndipo tunapogombana: bondia aliyeangushwa kwa mapigo ya kichwa mashindanoni husimamishwa si chini ya siku 30, na akipoteza fahamu muda huongezeka. Siku zinahesabiwa kuanzia tarehe ya pambano, si tarehe mliyokuja ofisini. Sparingi, yaani kupigana na mwenzako mazoezini, nayo imekatazwa muda huo, hata ile mnayoiita "ya kuchezea tu". Daktari huandika katika kitabu cha bondia, na ukurasa uliochanwa hauonyeshi kwamba kijana amepona, unatuongezea maswali.

Tafadhali msituambie kofia ya ngumi inatosha. Inapunguza michaniko ya ngozi, lakini ubongo unatikisika ndani ya fuvu vilevile. Msituambie pia Muhammad Ali alistahimili ngumi za Foreman pale Kinshasa mwaka 1974. Ali alikuwa akijikinga kwenye kamba kwa mikono, akamwangusha Foreman raundi ya 8. Mwaka 1984 aligunduliwa kuwa na dalili za Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mwili. Sisemi ni kwa ajili ya usiku ule mmoja. Nasema msimtumie kama cheti cha afya.

Wa judo malalamiko yao ni machache, labda kwa sababu mwanafunzi huanza kwa kujifunza kuanguka. Hata hivyo anayejitupa kwa kichwa ili kurusha mwenzake anatolewa pambanoni papo hapo. Wazazi hudhani ameonewa. Kanuni hiyo inalinda shingo yake.

Mzazi anayeleta mtoto kupimwa aje na kitabu chake, na mwalimu aliyeliona pigo aje naye. Kijana mwenyewe mara nyingi halikumbuki.