Bega linalochomoka kila mara: mfupa ukishalika, tiba ni ipi?

Bega langu lilichomoka nikicheza mpira, likarudishwa. Mbona sasa linachomoka hata nikivaa shati?

Kichwa cha mfupa wa mkono hukaa kwenye kibakuli chenye kina kifupi mno, kama chungwa juu ya kisahani. Bega likichomoka kwa mbele, gegedu na kano za ukingoni huchanika, na mara nyingi ukingo wenyewe humeguka. Kichwa nacho hubonyea kwa nyuma, pale kilipogonga ukingo. Kila linapochomoka tena, mfupa huzidi kulika. Likianza kuteleza hata mkono ukiwa chini au ukiwa usingizini, shuku mfupa mapema.

Daktari atajuaje?

Atakuinua mkono na kuugeuza nje, kama mtu anayetaka kurusha jiwe. Wengi hukaza bega na kuzuia mkono wa daktari kabla hata maumivu hayajaanza, na hofu hiyo ni dalili kubwa. Eksirei ya kawaida inaweza isionyeshe ukubwa wa pengo. Kipimo cha CT, yaani picha za eksirei za tabaka kwa tabaka zinazounganishwa na kompyuta, ndicho hupima mfupa vizuri.

Kushona kano peke yake hakutoshi?

Kwa asiyepoteza mfupa, mara nyingi kunatosha. Mwaka 2000 Burkhart wa Marekani na De Beer wa Afrika Kusini walichapisha matokeo ya wagonjwa 194 walioshonwa kwa kamera ndogo inayoingizwa begani kupitia tundu dogo. Wasio na upungufu mkubwa wa mfupa, tatizo lilirudi kwa asilimia 4. Wenye upungufu huo, asilimia 67! Kwa hiyo kabla ya kukubali upasuaji, uliza: mfupa wangu umepungua kiasi gani? Ni haki yako kujibiwa.

Mfupa unaongezwaje?

Upungufu ukifika karibu robo ya upana wa kibakuli, wengi huchagua upasuaji wa Latarjet, daktari wa Lyon, Ufaransa, aliyeueleza mwaka 1954. Kipande cha ncha ya mfupa iliyochomoza mbele ya bega, chini ya mtulinga, hukatwa pamoja na kano zake na kufungwa kwa skrubu kwenye ukingo uliomeguka. Mfupa huziba pengo, kano hukizuia kichwa kisitoke mkono ukiinuliwa. Pengo likiwa kubwa zaidi, mfupa huchukuliwa nyongani. Shimo la kwenye kichwa cha mfupa wa mkono linaweza kuzibwa kwa kushonea ndani yake kano ya nyuma ya bega.

Hatari zake zipo: neva kuumia, maambukizi, skrubu kulegea, mfupa kutounga. Tafuta daktari wa mifupa aliyezoea mabega.

Na mazoezi tiba?

Huimarisha misuli, hayarudishi mfupa. Kwa mtu mzima asiye na kazi nzito yanaweza kumtosha. Mwenye kifafa lazima degedege lidhibitiwe kwanza, la sivyo tukio moja laweza kuvunja kazi yote ya upasuaji.

Nitarudi lini uwanjani?

Baada ya Latarjet, michezo ya kugongana husubiri kwa kawaida miezi 4 hadi 6, na daktari aridhike kwamba mfupa umeunga.

Likichomoka leo nifanye nini?

Usikubali kuvutwa mkono mtaani. Mfupa unaweza kuwa umevunjika, au neva na mshipa wa damu vikaumizwa. Funga mkono kwa kanga kifuani ulivyo, uende hospitali upigwe picha kwanza. Ganzi begani au vidole kupoa ni dharura.