Kuchelewesha futari hakuongezi thawabu

Kila Ramadhani hukosi kumwona: adhana ya Magharibi imeshatoka, tende iko mkononi, naye anasubiri "kidogo tu, kwa tahadhari". Anaamini dakika tano za ziada zinamwongezea ujira. Hapana. Hadithi ya Sahl bin Saad, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, inasema watu wataendelea kuwa katika kheri maadamu wanaharakisha kufuturu. Kwa Masunni, jua likizama saumu imekwisha. (Mashia husubiri wekundu wa upande wa mashariki upotee, hiyo ni fiqhi yao na ina hoja zake.)

Daku ni kinyume: sunna ni kuichelewesha. Mstari wa imsaki (saa ya kuacha kula) kwenye ratiba, aghalabu dakika 10 kabla ya Alfajiri, ni wa tahadhari tu. Mpaka wenyewe umetajwa katika Qur'ani 2:187, nao ni alfajiri kubainika. Anayetema tonge kwa sababu imsaki imefika anajitesa bure.

Kosa linaloharibu saumu kweli halisemwi sana, nalo ni kufuturu kwa adhana ya redio ya mji mwingine. Saa za Dar es Salaam na Kigoma zinasoma sawa, lakini Kigoma jua huzama kama dakika 40 baadaye. Aliyeko Ujiji, hapo Kigoma, akifuata adhana inayorushwa kutoka Dar, uji wake wa futari ameunywa mchana kweupe, na kwa wanazuoni wengi siku hiyo anadaiwa.