Kwa nini maboma ya zahanati hukwama kwenye linta

Katika vijiji vingi vya Tanzania kuna boma la zahanati au la darasa lililojengwa kwa nguvu za wananchi, likafika usawa wa linta, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, likaishia hapo. Nyasi zimeota ndani, kuta zimepata nyufa, na waliochangia wanaulizana fedha zao zilikwenda wapi. Mara nyingi hakuna aliyeiba. Kosa lilifanyika siku ya kwanza: kijiji kiliamua kuanza kujenga kabla ya kujua nani atapaua, nani atamalizia na nani atafanya kazi ndani ya jengo hilo.

Utaratibu uliozoeleka ni wananchi kuchangia mchanga, mawe, maji, tofali na nguvu kazi hadi kwenye linta, kisha halmashauri kuleta fedha za umaliziaji. Utaratibu huo si mbaya. Ila kuanzia linta kwenda juu ndiko kwenye vitu visivyopatikana kwa jembe na toroli: mbao, bati, dari, milango, madirisha, nyaya, mabomba, rangi. Vyote hivyo ni vya kununua, na shilingi ya halmashauri ina kalenda yake.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili, lakini wakati huo mafungu ya halmashauri yamekwishapangwa. Ombi la kijiji hupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, likaenda kwa wataalamu wa halmashauri, kisha Baraza la Madiwani, ambalo hupitisha bajeti miezi ya mwanzo wa mwaka. Kijiji kinachotaka fedha za Julai kinapaswa kuwa kimekaa na kuamua kufikia Oktoba au Novemba ya mwaka uliotangulia. Kikiibua mradi Machi kitaambiwa usubiri mwaka ujao, na boma litanyeshewa misimu miwili.

Kisheria mkutano mkuu wa kijiji, wenye wakazi wote waliotimiza miaka 18, unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Pale unapokaa, tatizo huwa ni muhtasari. Muhtasari unaosema “wananchi wameomba zahanati” haumsaidii afisa mipango kutetea mradi mbele ya miradi mingine ya wilaya nzima. Andikeni idadi ya wakazi, umbali wa kituo cha afya kilicho karibu kwa kilomita, kiwanja kilipo na ukubwa wake, wananchi wamechangia nini mpaka sasa na wataongeza nini. Mahudhurio yawe na sahihi. Na kama kijiji kinataka mchango uwe wa lazima kwa kila kaya, ni lazima kuwe na sheria ndogo iliyopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Bila hiyo, mgambo kumnyang’anya mtu kuku au baiskeli kwa sababu ya mchango ni kuvunja sheria, na ndivyo wananchi wanavyouchukia mradi ambao ni wa kwao.

Kiwanja nacho kimalizwe mapema. Mzee akitoa eneo kwa mdomo tu, watoto wake wanaweza kulidai siku akifariki, na halmashauri haitapeleka fedha kwenye eneo lenye mgogoro. Makabidhiano yaandikwe, familia isaini, na kama kuna mtu anayestahili fidia, alipwe kabla msingi haujachimbwa. Ramani ichukuliwe kwa mhandisi wa halmashauri. Tumeona mara nyingi jengo lililochorwa na fundi wa kijijini likiwa na mlango ambao kitanda cha mgonjwa hakipiti, au likikosa kabisa chumba cha kujifungulia. Kubomoa ukuta ni ghali kuliko kusubiri ramani.

Sasa ujenzi wenyewe. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutoa tofali za inchi 6 zipatazo 30 hadi 35. Fundi anayejisifu kutoa 50 au 60 ametengeneza tofali za mchanga, na ukuta wake utaanza kumomonyoka kabla ya bati kufika. Mita moja ya mraba ya ukuta hula tofali kama 10, kwa hiyo mjumbe yeyote wa kamati anaweza kupima ukuta na kujua mifuko mingapi ilipaswa kutumika kufyatua tofali zake. Tofali mpya zimwagiliwe maji angalau siku 7. Hatua hii hurukwa sana pale maji yanapochotwa mbali, na hakuna saruji ya ziada inayoweza kuifidia.

Vijiji vingine vikikusanya michango hukimbilia kununua saruji “ili fedha isiliwe”. Nia ni njema, ila saruji iliyokaa stoo zaidi ya miezi mitatu hupoteza nguvu, hasa ikiegeshwa ukutani au kulazwa sakafuni. Wekeni fedha kwenye akaunti ya kijiji yenye watia saini zaidi ya mmoja, mnunue saruji kazi inapoanza.

Ushauri wetu kwa kijiji kisicho na uhakika wa fedha za umaliziaji ni kuishia kwenye msingi na jamvi. Msingi uliojazwa na kufunikwa kwa zege huvumilia kusubiri. Ukuta usio na paa hauvumilii, kwa sababu maji huingilia juu, hushuka katikati ya tofali na kula viungo vyake, huku nondo zilizoachwa wazi zikishika kutu. Kama boma limeshasimama na fedha zimeisha, zibeni juu ya kuta kwa mchanganyiko wa saruji na mchanga, pakeni nondo uji wa saruji, na chimbeni mfereji wa kuondoa maji kwenye msingi. Kazi hiyo huchukua siku chache na huweza kuokoa ukuta mzima. Kabla ya kuendelea tena, mhandisi alikague boma.

Fedha za Serikali zikifika, kazi nyingi za aina hii hufanyika kwa Force Akaunti: kamati za wananchi hununua vifaa na kumlipa fundi kazi yake. Aliyenunua asiwe ndiye anayepokea. Kamati ya mapokezi inayosaini hati ya mzigo bila kushusha na kuhesabu imepoteza kazi yake yote. Angalieni geji ya bati. Mkiagiza geji 28 mkaletewa geji 30, mmeletewa bati nyembamba zaidi, na tofauti hiyo haionekani mpaka upepo wa kwanza. Nondo zipimwe unene, kwa kuwa ya milimita 10 huletwa badala ya 12. Kila kinachoingia na kutoka stoo kiandikwe kwenye leja siku hiyo hiyo.

Bado jengo lililokamilika si zahanati. Linahitaji kusajiliwa, kuwa na choo, maji, kichomea taka na shimo la kondo la nyuma, kufunguliwa akaunti ya dawa Bohari ya Dawa, na kupata tabibu na muuguzi. Watumishi hupatikana kupitia ikama, yaani orodha ya nafasi za watumishi, ambayo hupangwa pamoja na bajeti, kwa kalenda ile ile. Kwa hiyo barua ya kumwomba Mganga Mkuu wa Wilaya aingize kituo kwenye ikama ipelekwe wakati mnapaua, msisubiri rangi ikauke. Na kwenye michango yenu tengeni nguvu za kujenga nyumba ya mtumishi. Muuguzi anayelala kijiji cha pili hawezi kumpokea mama mwenye uchungu saa nane za usiku.