Saratani ya Ngozi: Mnyaa, Karoti na Dhana Nyingine Tunazozisikia Kliniki

Katika kliniki ya ngozi ninayowahudumia watu wenye ualbino hapa Kanda ya Ziwa, kuna sentensi moja ambayo siku hizi naweza kuimalizia kabla msemaji hajafika mwisho: "Daktari, tulikipaka dawa kikakauka, kisha kikarudi." Wiki iliyopita aliitamka shangazi wa kijana mmoja, mkulima wa pamba mwenye miaka 28, naye aliitamka kwa unyofu kabisa, kwa kuwa alikuwa amemuuguza mpwa wake kwa miezi tisa kadiri alivyojua. Nimeamua kuandika kwa sababu yake, na kwa sababu ya wengine wengi wanaokuja na maelezo hayo hayo wakiwa wamechelewa.

Kijana huyo alikuwa na kigaga cha kahawia nyuma ya sikio la kulia, kipana kuliko sarafu ya shilingi 200, kikavu kiasi kwamba kilisikika kikikwaruza nilipokigusa kwa kibano. Mtu asiyejua angesema kidonda kimefunga. Nilikilowesha kwa maji ya chumvi, nikasubiri, nikakiinua taratibu, na chini yake kulikuwa na shimo lenye kingo ngumu zilizoinuka, nyama inayovuja damu kwa mguso mdogo na harufu ambayo shangazi aliitambua mara moja, akageuza uso. Nilipopapasa shingo nikakuta tezi mbili ngumu zisizosogea. Kidonda kilianza kama gamba kavu dogo kabla ya msimu wa palizi, kikapakwa utomvu wa mnyaa mara tatu, na kila kigaga kilipodondoka, familia ilihesabu kwamba amepona.

Hiyo ndiyo dhana inayoniumiza kuliko zote: kwamba kidonda cha saratani kikikauka juu, kimepona. Mnyaa hupandwa kama uzio karibu kila kijiji, na utomvu wake mweupe hutumiwa tangu zamani kuondolea sunzua, kwa hiyo watu huona ni jambo la kawaida kwamba kinachoondoa sunzua kitaondoa na gamba la jua, yaani gamba kavu la ngozi iliyoharibiwa na jua ambalo likiachwa huweza kugeuka saratani. Utomvu huo kweli unababua. Unaua tabaka la juu la ngozi, tabaka hilo linageuka kigaga, na kigaga kikidondoka huacha ngozi nyembamba ya waridi inayompa kila mtu moyo. Saratani ya seli za skwamasi, yaani seli bapa za tabaka la juu la ngozi, ambayo ndiyo tunayoikuta zaidi kwa watu wenye ualbino, haikui kuelekea juu peke yake. Mizizi yake huteremka kwenye tabaka la chini, huifuata mishipa ya fahamu na ya limfu, na hatimaye hukaa kwenye tezi za shingo. Dawa inayochoma juu huifunika saratani hiyo kama mkeka unavyofunika shimo. Ndivyo ilivyo pia kwa mafuta ya maganda ya korosho, ambayo wengine huyatumia kwa kuwa nayo huunguza, na kwa mchanganyiko wowote unaosifiwa kwa "kuvuta uchafu nje". Kigaga kinene kinachotoka hakina mzizi wa ugonjwa ndani yake, kwani ni ngozi iliyoungua tu.

Kuhusu mnyaa kuna jambo jingine ambalo ningependa kila mzazi wa mtoto mwenye ualbino alijue. Utomvu wa mti huo una kemikali za jamii ya esta za foboli, ambazo katika maabara huchochea uvimbe kukua, na watafiti wameutaja mti wenyewe miongoni mwa vichocheo vinavyoshukiwa kuchangia limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto iliyoelezwa kwa mara ya kwanza nchini Uganda katika miaka ya 1950. Ndugu yake mdogo, Euphorbia peplus, alikwisha kupewa nafasi ya haki hospitalini: kemikali iitwayo injenoli ilitolewa kwenye utomvu wake, ikapimwa, ikawekwa kwenye jeli kwa kipimo maalumu, ikaidhinishwa mwaka 2012 kwa kutibu magamba ya jua. Mwaka 2020 dawa hiyo iliondolewa katika soko la Umoja wa Ulaya, kwa sababu wagonjwa walioitumia walionekana kupata saratani nyingi zaidi ya ngozi mahali ilipopakwa kuliko wenzao waliopewa dawa ya kulinganisha. Ikiwa utomvu uliosafishwa na kupimwa ulileta mashaka ya namna hiyo, sioni ni kwa hoja gani tunaweza kuutetea ule unaokamuliwa kwenye uzio na kupakwa karibu na jicho, ambalo tone moja linaweza kulipofua.

Msomaji ataniuliza kama ninadharau miti shamba. Sidharau. Dawa za vinkristini na vinblastini, tunazozitumia dhidi ya saratani kadhaa, ikiwemo sakoma ya Kaposi, zilitoka kwenye ua la vinka ambalo asili yake ni Madagaska, na ua hilo hilo limepandwa mbele ya nyumba nyingi hapa kwetu. Lakini dawa hizo hupitishwa kwenye mshipa kwa kipimo kinachohesabiwa kwa kila mgonjwa, kwa sababu kiasi kinachozidi kidogo huharibu mishipa ya fahamu, na hakuna anayeweza kukipata kipimo hicho kwa kuchemsha majani sufuriani. Mti kuwa na dawa ni jambo moja, na kuipata dawa hiyo katika hali inayofika penye ugonjwa bila kumdhuru mgonjwa ni jambo jingine ambalo huchukua miaka ya kazi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba gamba la jua, lile kavu linalokwaruza kama msasa kwenye paji la uso, sikio au mgongo wa mkono, tunaligandisha kwa naitrojeni ya kimiminika kwa sekunde chache, mgonjwa akiwa ameketi kwenye benchi, kisha anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kijana niliyemtaja sasa atafanyiwa upasuaji mkubwa wa shingo na kisha mionzi, na mionzi katika nchi yetu hupatikana katika vituo vichache, kama Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando jijini Mwanza, maana yake nauli, malazi na wiki kadhaa nje ya shamba kwake na kwa shangazi yake.

Dhana ya pili hutoka kwa akina mama, nayo naijadili kwa upole kwa sababu imezaliwa na upendo: kwamba mtoto mwenye ualbino akilishwa karoti, papai na maboga kwa wingi, ngozi yake itaongeza rangi na jua halitamdhuru. Rangi ya ngozi ni melanini, na uwezo wa kuitengeneza umeandikwa kwenye vinasaba ambavyo mtoto alivirithi kwa baba na mama. Hakuna chakula kinachoweza kuviandika upya. Karoti zikizidi, viganja na nyayo hugeuka manjano, na nimewahi kuonyeshwa viganja hivyo kwa furaha kama ushahidi kwamba rangi imeanza kuja. Ile ni karotini, rangi ya karoti yenyewe, iliyojikusanya kwenye ngozi, wala haizuii mionzi kwa kiwango cha kumlinda mtoto anayecheza nje saa sita mchana.

Jambo hili lilipimwa vizuri kuliko mengi. Katika mji wa Nambour, jimbo la Queensland nchini Australia, watu wazima 1,621 waligawanywa kwa kura mwaka 1992: wengine walipaka mafuta ya kujikinga na jua kila asubuhi kichwani, shingoni na mikononi, wengine waliachwa wapake wanavyopenda, na katika kila kundi nusu walimeza vidonge vya beta karotini na nusu vidonge visivyo na dawa. Baada ya takriban miaka minne na nusu, waliopaka mafuta kila siku walikuwa na saratani za seli za skwamasi pungufu kwa karibu asilimia 40. Beta karotini haikuleta tofauti yoyote. Ningependa matokeo hayo yabandikwe kwenye ukuta wa kila kliniki ya watoto, kwa sababu mama mwenye shilingi elfu chache za ziada anastahili kujua ni wapi azipeleke. Papai na mchicha mtoto ale, kwani ni chakula kizuri kwa kila mtoto; ila fedha ya kinga iende kwenye kofia, shati la mikono mirefu na mafuta ya kujikinga, yakiwemo yale yanayotengenezwa Moshi mahsusi kwa watu wenye ualbino.

Na kwa kuwa nimetaja kofia: naomba tuachane na kepi. Kepi inakinga paji la uso na pua tu, huku masikio, mashavu na shingo vikibaki wazi, na humo ndimo ninamokata saratani karibu kila wiki. Kofia ifaayo ni pana pande zote, ukingo wake usipungue upana wa kiganja, na mwalimu wa mtoto huyo aelezwe kwamba si utovu wa nidhamu kuivaa paredi ya asubuhi.

Vidonge vya virutubisho vinavyouzwa mitaani kwa jina la "kusafisha sumu" navyo vinahitaji neno. Seleniamu, aina ya madini, ilijaribiwa Marekani kwa watu 1,312 waliowahi kupata saratani ya ngozi, kwa matumaini kwamba itazuia nyingine. Haikuzuia, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba waliomeza seleniamu walipata zaidi saratani ya seli za skwamasi. Nikotinamidi, aina mojawapo ya vitamini B3, ndiyo iliyotoa matokeo ya kutia moyo: katika utafiti wa Australia wa mwaka 2015, watu 386 waliokwisha kupata saratani za ngozi zaidi ya mara moja walifuatiliwa, na waliomeza miligramu 500 mara mbili kwa siku walipata saratani mpya pungufu kwa asilimia 23 katika mwaka mmoja. Walipoacha, faida nayo ikaisha. Hiyo ni dawa ya kujadiliana na daktari wako, kwa kipimo ambacho huwezi kukifikia kwa kula karanga, wala haichukui nafasi ya kofia.

Mafuta ya nazi na mafuta ya mgando hulainisha ngozi, lakini kinga yake dhidi ya jua ni ndogo mno kutegemewa. Asali husaidia vidonda vya kawaida kufunga, nami sina ugomvi nayo, mradi kidonda ambacho hakijafunga kwa mwezi mmoja kiletwe hospitali, kiwe kimepakwa asali au hakijapakwa. Ndimu na limau ni hatari ya moja kwa moja, kwa sababu maji yake yakibaki kwenye ngozi kisha ngozi ikapigwa na jua, huleta malengelenge na kuungua hata kwa mtu mwenye rangi nyeusi kabisa. Kuacha sukari kunafaa kwa mengi, lakini hakuna uvimbe wa ngozi niliouona ukinywea kwa sababu mgonjwa alikunywa chai bila sukari. Tena wapo wanaoambiwa kwamba saratani haitaki kuguswa na kisu, wakakimbilia majani kwa kuogopa kipimo cha kinyama, yaani kukatwa kipande kidogo cha uvimbe ili kichunguzwe maabara. Kukata kinyama hakuisambazi saratani ya skwamasi, na bila kinyama hicho tunatibu kwa kubahatisha.

Ipo pia dhana kwamba ugonjwa huu ni wa wazungu na wa watu wenye ualbino, kwa hiyo mtu mweusi mwenye doa unyayoni hufikiriwa kwanza kuwa amekanyaga kitu kibaya, akapelekwa kwa mganga. Melanoma, saratani ya ngozi inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi, kwa watu weusi hupenda hasa nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua halihusiki. Mwanamuziki Bob Marley aligunduliwa kuwa nayo chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977, akakataa kukatwa kidole, na saratani iliposambaa alikwenda Ujerumani kwa daktari Josef Issels, ambaye tiba yake ilihusisha lishe maalumu. Alifariki mwezi Mei 1981 akiwa na miaka 36. Doa jeusi linalotanuka unyayoni, mstari mweusi unaozidi kupanuka ukuchani, au kovu la zamani la moto lililoanza kuchimbika upya, yote hayo yaonwe na mtaalamu kabla ya kupakwa chochote.

Kwa wale ambao wamekwisha kupaka, naomba msifiche. Wengi huosha dawa usiku wa kuamkia kliniki kwa kuogopa kukaripiwa, nami hubaki nikijiuliza kama kuungua ninakokuona kunatokana na ugonjwa au na dawa. Sitamkaripia mtu aliyejaribu kumsaidia ndugu yake. Niambieni mlipaka nini, mara ngapi, na lini kwa mara ya mwisho. Na kama jina la mti hulijui, chuma tawi lake uje nalo.