Fedha zetu ngapi ziko mtaa huu? Bima ya moto London, karne ya 19

Kazi yangu ni kukagua maghala kabla hayajakatiwa bima ya moto. Nikiingia ghalani huangalia kwanza milango ya chuma inayotenganisha chumba na chumba, kisha namuuliza mwenye ghala: jirani yako anaweka nini humo ndani? Wengi hushangaa. Wao wanakatia bima mali yao, ya jirani yanawahusu nini? Swali hilo kampuni za bima zilifundishwa London mwaka 1861, na zililipa ada kubwa.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa mepesi. Mwenye nyumba alikwenda kwenye ofisi ya kampuni kama Sun, iliyoanza 1710, au Phoenix ya 1782. Aliyekaa mbali na London alimwendea wakala, mara nyingi mwanasheria au mwenye duka anayefahamika mjini. Aliulizwa kuta ni za nini, paa limeezekwa kwa nini, na ndani kunafanyika kazi gani. Nyumba ya matofali au mawe yenye paa la vigae ilikuwa bima ya kawaida. Ya mbao, au ya matofali yenye biashara ya kutia shaka, ilihesabiwa ya hatari. Nyumba ya mbao yenye biashara ya namna hiyo, au yenye paa la nyasi, iliwekwa kwenye hatari maradufu. Wasafisha sukari, ambao majiko yao hayakuzimika, walipangiwa bei yao peke yao, na bei hizo ziliwakera hadi wakaamua kuanzisha kampuni yao wenyewe. Ndiyo Phoenix.

Tuchukue nyumba ya matofali yenye thamani ya pauni 500, miaka ya 1820. Bima ya kawaida ilikuwa takriban shilingi 1 na peni 6 (shilingi moja ilikuwa peni 12) kwa kila pauni 100, kwa hiyo mwenye nyumba alilipa shilingi 7 na peni 6 kwa mwaka. Juu yake serikali ilidai kodi yake, ambayo tangu 1815 ilikuwa shilingi 3 kwa kila pauni 100: shilingi 15 nzima. Yaani kodi ilikuwa mara mbili ya bei ya bima yenyewe! Nimeisoma hesabu hii mara nyingi na bado inaniudhi. Aliyejihadhari ndiye aliyetozwa, na asiyejali hakutoa hata senti. Matokeo yake watu walikatia bima sehemu tu ya mali yao, au hawakukata kabisa. Kodi hiyo ilifutwa 1869.

Malipo yalifuata siku nne za mwaka ambazo Waingereza walilipia pia kodi za nyumba: 25 Machi, 24 Juni, 29 Septemba na Krismasi. Ukichelewa, ulikuwa na siku 15 za kuvumiliwa.

Kampuni zilibandika vibao vyao kwenye nyumba zilizozikatia bima; watalii huoneshwa vilivyobaki ukutani na kuambiwa kwamba nyumba isiyo na kibao wazima moto wa kampuni waliiacha iteketee. Ushahidi wa hadithi hiyo ni haba, na ukiifikiria kidogo haina mantiki: moto wa nyumba isiyo na bima ukiachwa utavuka hadi kwenye nyumba uliyoikatia bima wewe. Vibao vya zamani vya risasi vilibeba namba ya hati ya bima ya mteja. Vya karne ya 19, vya shaba na bati, mara nyingi vilikuwa tangazo tu.

Ugumu ulianza siku ya kudai. Mbali na kuorodhesha hasara kwa kiapo, hati nyingi zilimtaka mdai alete cheti kilichosainiwa na mchungaji wa parokia yake, wazee wa kanisa na majirani wenye heshima, wakithibitisha kwamba wanamjua na kwamba wanaamini moto haukuwa wa hila. Je, mchungaji akikataa bila sababu? Kesi ya namna hiyo dhidi ya Phoenix iliamuliwa 1796: sharti ni sharti, bila cheti hakuna fidia. Naelewa kampuni iliogopa nini, lakini kuweka riziki ya mtu mikononi mwa mchungaji aliyegombana naye ilikuwa dhuluma. Sheria ya 1774 ilikuwa na dawa nzuri zaidi: palipokuwa na shaka, fedha zingeweza kutumika kuijenga upya nyumba, ili aliyejichomea asizishike mkononi.

Kuzima moto nako kulikuwa kazi ya kampuni. Mwaka 1833 kampuni 10 za London ziliunganisha vikosi vyao kuwa kimoja, chenye watu 80 hivi, chini ya James Braidwood kutoka Edinburgh. Braidwood alionya kwa miaka mingi kwamba maghala ya mto Thames yalikuwa makubwa mno, na kwamba moto ukishika humo mashine zake za kuzimia moto zisingefua dafu.

Jumamosi ya 22 Juni 1861 moto ulizuka kwenye ghala la Cotton's Wharf, karibu na mtaa wa Tooley. Ndani mlikuwa na katani, juti, pamba, sukari, viungo na shahamu. Milango ya chuma iliyowekwa ili kuuzuia moto ilikuwa imeachwa wazi. Shahamu iliyoyeyuka ikatiririka mtoni huku ikiwaka. Jioni ile Braidwood alikuwa akiwagawia watu wake brandi kidogo, maana walikuwa hoi, ukuta ulipomwangukia. Mwili wake ulipatikana siku mbili baadaye. Moto uliendelea kwa wiki mbili, na hasara ilikisiwa kuwa pauni milioni 2.

Kila ghala lilikuwa limepangiwa bei kana kwamba limesimama peke yake, kumbe yote yalikuwa moto mmoja uliosubiri cheche. Kampuni zilipandisha bei kwa nguvu. Wafanyabiashara wakakasirika, na mwaka huohuo wakaanzisha Commercial Union. Kisha kampuni ziliiambia serikali kwamba mzigo wa kuzima moto wa jiji zima umezishinda. Tangu 1 Januari 1866 kikosi kikawa cha umma, na kampuni zikakichangia pauni 35 kwa kila pauni milioni moja ya mali ambayo zilikuwa zimeikatia bima.

Mei ya mwaka uleule wa 1861 mji wa Glarus, Uswisi, ulikuwa umeungua pia, na kutokana na majivu yake ikazaliwa Swiss Re mwaka 1863, kampuni ya kuzikatia bima kampuni nyingine.

Kilichobaki kilikuwa kuuona mtaa wenyewe. Kuanzia 1886 Charles Goad alichora ramani za miji ya Uingereza kwa ajili ya kampuni za moto, jengo kwa jengo: matofali kwa waridi, mbao kwa njano, na idadi ya ghorofa imeandikwa. Hakuziuza, alizikodisha. Jengo likibadilika, karatasi ndogo yenye mchoro mpya ilibandikwa kwa gundi juu ya ule wa zamani.