Je, wajua kwa nini Gonzaga, chuo kidogo cha Spokane, hakikosekani kwenye mashindano ya Machi?

Vyuo zaidi ya 350 vya Marekani huwania nafasi 68 tu za mashindano ya taifa ya mpira wa kikapu ya wanaume, yale ya mtoano yanayopigwa kila Machi. Kuanzia 1999 hadi 2025, Gonzaga haikukosa hata mara moja, ukiacha 2020 ambapo mashindano yenyewe yalifutwa kwa sababu ya Korona.

Hiki si chuo kikubwa. Ni chuo cha Wajesuiti kilichoko Spokane, mashariki mwa jimbo la Washington, chenye wanafunzi elfu saba hivi. Ukumbi wake unachukua watazamaji 6,000, wakati ule wa chuo cha Kentucky unachukua zaidi ya 20,000. Sasa wachezaji wazuri wanatoka wapi, na mbona hawaishi?

Kwanza tuelewe ugumu wa kazi yenyewe. Mchezaji wa chuo ana misimu minne, kisha anaondoka, kwa hiyo kila mwaka kocha anabaki na pengo la kuziba. Isitoshe, tangu 2006 NBA, ligi kuu ya kulipwa ya kikapu Marekani, haimpokei kijana wa Marekani mpaka atimize miaka 19 na mwaka mmoja upite tangu amalize sekondari. Vyuo vyenye majina vikaigeuza kanuni hiyo kuwa mtaji: wanakusanya vijana hodari kuliko wote, wanacheza nao msimu mmoja, wanawaaga. Kentucky ilitwaa ubingwa wa 2012 na Anthony Davis, na miezi michache baadaye akachaguliwa wa kwanza timu za NBA zilipogawana wachezaji wapya.

Kwa miaka mingi Gonzaga haikuwa na ubavu wa kugombea vijana wa namna hiyo. Kocha Mark Few na wasaidizi wake wakatafuta mahali ambapo foleni ilikuwa fupi, nako kulikuwa nje ya Marekani. Msaidizi wake Tommy Lloyd ndiye aliyeifanya kazi hiyo kwa takriban miaka ishirini. Ronny Turiaf wa Martinique alifika 2001, na baada yake wakaja Elias Harris kutoka Ujerumani, Przemek Karnowski kutoka Poland, Domantas Sabonis kutoka Lithuania na Killian Tillie kutoka Ufaransa. Mzazi wa Ulaya akiuliza mwanawe atatunzwaje huko mbali, kocha alikuwa na mifano hai ya kumtajia.

Kuona kipaji ughaibuni si siri ya Gonzaga peke yao. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alipitia sekondari Houston, akachukuliwa na chuo cha Connecticut, na 2009 akachaguliwa wa pili NBA. Kinachoitofautisha Gonzaga, kwa maoni yangu, ni uvumilivu wake baada ya mchezaji kufika.

Mtazame Rui Hachimura, mtoto wa mama Mjapani na baba kutoka Benin. Alitua Spokane mwaka 2016 akijua Kiingereza cha kubabaisha. Msimu wa kwanza alikuwa akiingia uwanjani chini ya dakika tano kwa mechi, wastani wake pointi 2.6. Timu yake ilifika fainali ya taifa naye akiwa benchi. Msimu wa pili wastani ukapanda hadi pointi 11.6, wa tatu 19.7. Novemba 2018, huko Maui, Gonzaga iliifunga timu ya chuo cha Duke ya Zion Williamson na RJ Barrett 89-87, na Hachimura akatupia 20. Upande mmoja walikuwa vijana waliotoka sekondari miezi michache tu iliyopita, upande wa pili watu waliokwisha kusubiri zamu yao. Kwangu mimi, mechi ile inaeleza mfumo wa Gonzaga kuliko hotuba yoyote ya kocha.

Siku hiyo alikuwepo pia Brandon Clarke, aliyehamia kutoka San José State na, kwa kanuni za wakati ule, akakaa msimu mzima bila kucheza. Mwaka huo wa kukaa nje Gonzaga waliutumia kama karakana. Kelly Olynyk wa Kanada alikuwa ameshacheza misimu miwili bila kung'ara, akakubali kupumzishwa 2011-12: anasoma, anafanya mazoezi, anajenga mwili, na msimu huo hauhesabiwi katika minne yake. Aliporudi alikuwa na wastani wa pointi 17.8, na Machi 2013 Gonzaga ikaongoza orodha ya ubora ya taifa kwa mara ya kwanza.

Uvumilivu huo unataka kocha asiyehama. Dan Monson aliipeleka timu robo fainali mwaka 1999, kisha akaondoka kwenda Minnesota. Uongozi haukutafuta jina kubwa, ulimpandisha Few, msaidizi aliyekuwa hapo karibu muongo mzima, na tangu hapo hajaondoka. Pia Gonzaga haina timu ya futiboli ya Kimarekani tangu 1941, mchezo ambao kwingineko humeza fedha nyingi, kwa hiyo kikapu ndicho kinachopewa kipaumbele.

Ubingwa wa taifa bado. Walifungwa fainali ya 2017 na North Carolina 71-65, na ile ya 2021 na Baylor 86-70, wakiwa wameshinda mechi zote 31 za msimu kabla ya hapo.

Mwaka huohuo wa 2021 mambo yakabadilika. Mchezaji aliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje, na kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake. Tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji. Kumwambia kijana "subiri" kumekuwa kugumu mno. Lloyd alipokwenda kuifundisha Arizona 2021, Oumar Ballo wa Mali, aliyekuwa akisubiri benchi Spokane, alimfuata na huko akawa nguzo ya timu.

Gonzaga nao wanajifunza soko jipya. Graham Ike walimtoa Wyoming, na 2025 wakampata Mario Saint-Supéry, ambaye alikuwa ameshacheza ligi kuu ya Uhispania. Na baada ya zaidi ya miaka 40 katika ligi ya West Coast, ambako wapinzani wengi walikuwa wepesi kwao, chuo kiliamua kuhamia ligi ya Pac-12 kuanzia Julai 2026, ili Januari na Februari zao ziwe na mechi ngumu kabla Machi haijafika.